Chikan, mji uliojengwa na baba waliokuwa mbali

Mzazi anayetembea na watoto Chikan, mji wa kale kando ya Mto Tanjiang, Kaiping, kusini mwa China, haogopi jua wala mvua. Ghorofa za maduka zimefunika baraza ya wapita njia.

Watoto wakiinua macho wataona nguzo na matao ya Kizungu juu ya maduka ya Kichina. Waeleze sababu: miaka ya 1920 fedha nyingi za ujenzi zilitumwa na ndugu waliokwenda kutafuta maisha Marekani na kwingineko. Koo mbili, Situ na Guan, kila moja ilijenga maktaba yake.

Mkifika ukingoni mwa mto, washike mkono. Watoto wengi wa hapo walipata nyumba nzuri, wakaukosa mkono wa baba.