Fahamu: Unalipia nini ukiuziwa lokesheni ya mahame?

Wapenda magofu duniani huuziana lokesheni za majengo mahame. Bei hupanda wajuao wakiwa wachache, hushuka siri ikienea. Kwa mfano Mombasa: nyuma ya Marikiti, soko lililojengwa 1914, kuna Mji wa Kale, eneo linalohifadhiwa kisheria tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Humu muuzaji anakuuzia njia tu. Ruhusa ni ya mwenyewe, na nyumba inayoonekana haina mtu huenda ni wakfu au ya warithi wengi. Mlango kuwa wazi si idhini.

Hata ukiruhusiwa kuingia, kagua boriti za mkoko zinazobeba sakafu: ncha iliyozama ukutani huoza kwa mvua, na sakafu huporomoka ghafla. Pesa ya lokesheni, mimi ningempa mwongoza wageni wa mtaani, anayewajua wenyewe na kupiga hodi kwanza.