Samadi ya Ng'ombe Wetu Tuiweke Wapi?

Huenda baadhi ya wenzangu wa Kidato cha Tatu watacheka kuona kwamba, katika gazeti la shule yetu, nimechagua kuandika habari za mavi ya ng'ombe. Nawaomba wasome kwanza. Maziwa ya ng'ombe hao ndiyo yaninunuliayo madaftari na sare, na mwaka jana nusura tuwauze kwa sababu ya samadi yao.

Nyumbani kwetu Nzuguni tunao ng'ombe wanne wa maziwa, machotara, ambao hula na kulala bandani. Baba alipoanza kufuga, ilitubidi kupaza sauti ili jirani asikie. Lakini tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, viwanja vimepimwa na nyumba zimejengwa, hata sasa dirisha la jirani latazama banda letu. Mvua za Januari ziliponyesha, lundo letu la samadi likawa tope, na nzi wakazaliana. Jirani, mama mpole tuliyezoea kumpelekea maziwa, akaja akamwambia baba, "Kaka, maziwa yako tunayapenda, lakini nzi hawa waingia hata katika uji wa mtoto. Ama ondoa uchafu, ama ondoa ng'ombe." Baba akaomba mwezi mmoja.

Basi mimi nikapewa kazi ya kupiga hesabu. Ng'ombe wa namna yetu hutoa kadiri ya kilo 15 za kinyesi kibichi kwa siku. Wanne hutoa kilo 60, na kwa mwaka ni tani 21 na zaidi. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba koleo na toroli peke yake havitatuokoa.

Wazee wetu Wagogo hawakuwa na taabu hii. Zizi lilizungukwa na tembe, ng'ombe walishinda malishoni, na samadi iliyobaki zizini ilikauka kwa jua la kiangazi. Hata hivyo, samadi ikaukayo juani hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Naitrojeni iliyomo, hasa ile ya mkojo, hugeuka amonia, yaani ile harufu iwashayo pua, ikapeperuka. Anusaye zizi anusa mbolea yake ikienda zake.

Wenye mashamba makubwa ya Ulaya na Marekani huosha banda kwa maji, kinyesi kikakusanyika katika bwawa. Njia hii tuliiacha siku ile ile. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Anyweshaye ng'ombe kwa ndoo hawezi kuosha sakafu kwa mpira.

Moyo wangu ulipenda gesi ya samadi, niliyoiona katika viwanja vya Nanenane, hapa hapa Nzuguni. Kinyesi hukorogwa na maji, kikatiwa katika shimo lililojengwa kama chungu kilichofunikwa chini ya ardhi, ambako vijidudu visivyohitaji hewa hukichachua na kutoa gesi ya methani. Kilo 40 kwa siku zatosha kuwasha jiko moja kwa muda wa saa tatu au zaidi, na ujiuji utokao baadaye ni mbolea nzuri. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimefanya kazi ya mitambo hii kwa miaka mingi. Lakini baba aliuliza neno moja tu: maji ya kukorogea yatatoka wapi? Kilo 40 hutaka maji ya kiasi hicho hicho, yaani ndoo mbili kubwa kila siku, na kwetu maji ya bomba huja kwa zamu. Mkojo wa ng'ombe waweza kushika nafasi ya sehemu ya maji, lakini maji ya sabuni hayafai, kwani hudhuru vile vijidudu. Sikuwa na jibu.

Tukachagua shimo la mboji chini ya kivuli. Tulilichimba upande wa chini wa kiwanja, mbali na kisima, tukainua tuta kulizunguka ili maji ya mvua yasiingie, na paa la mabati makuukuu juu yake. Sakafu ya banda ina mfereji upelekao mkojo shimoni. Kila asubuhi twaweka kinyesi, kisha tabaka la mabua ya mtama au uwele yaliyokatwakatwa. Mabua hunyonya mkojo na kuacha nafasi ya hewa. Bila hayo shimo hunuka vibaya. Unyevu twaupima kwa kiganja: ukiminya na maji yakachuruzika, ongeza mabua, ikivunjika kama vumbi, ongeza mkojo.

Siri ya kuwashinda nzi ni kalenda. Wakati wa joto, yai la nzi laweza kuwa nzi arukaye kwa siku kumi hivi. Kwa hiyo kila Jumamosi twageuza samadi, ya pembeni ikaingia katikati, ambako joto hupita nyuzi 55. Joto hilo huua funza, mayai ya minyoo na mbegu za magugu. Kupima, choma kijiti katikati, ngoja kidogo, kichomoe: kikiwa cha moto hata hukishiki, kazi inaendelea. Baada ya miezi mitatu mboji ni nyeusi, nayo hunukia udongo.

Katika juma la tatu nzi walipungua, ingawa hawakwisha. Jirani hakusema kitu, ila alimtuma mwanawe na debe kuomba mboji ya mchicha wake. Baadaye mkulima wa zabibu kutoka Hombolo alikuja na lori, akanunua yote iliyokuwa tayari. Fedha hizo baba ameziweka kwa ajili ya tangi la kuvuna maji ya mvua. Mama bado anapikia mkaa, naye kila jioni huniuliza tangi limefika wapi.