Mtoto wa Mjini, Punguza Mbwembwe!

Leo nina neno na masela wa Temeke na Kinondoni, nyie mnaomcheka mtu wa Bagamoyo eti mshamba. Jamani, mji ni zamu!

Anzeni na Kaole, kijiji kilicho kama kilomita tano kusini mwa Bagamoyo. Karne ya 13 watu walikwishajenga msikiti wa mawe pale, na majahazi yalikuwa yakitia nanga. Tope na mikoko vikaiziba bandari, biashara ikahamia kwa jirani, Bagamoyo.

Karne ya 19 Bagamoyo ikatesa. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka bara iliishia hapo. Dar yenu ilikuwa Mzizima, kijiji cha wavuvi. Sultani Majid wa Unguja alianza kujenga mji hapo miaka ya 1860, akafa 1870, mambo yakadorora. Nani angemcheka nani?

Mwaka 1891 Wajerumani wakafungasha makao yao makuu kutoka Bagamoyo kuja Dar, penye bandari nzuri zaidi. Bagamoyo ikapoa.

Na Dar nayo? Uamuzi wa makao makuu kwenda Dodoma ulipita 1973, na tangu 2016 serikali ikahamia kweli. Zamu hiyo!

Basi nendeni Kaole mkajionee. Ila sela, usichonge jina la demu wako ukutani. Zile kuta zina miaka zaidi ya 700. Penzi lako litafika hata Krismasi?