Motokari nayo ina mapafu: usitoboe sanduku la filtri



Kila mfanyakazi wa mgodi amefundishwa jambo moja tangu siku yake ya kwanza kazini: vumbi ni adui. Ndiyo maana tunatoboa mwamba kwa maji, tunamwagia maji barabara za mgodi, na tunavaa maski. Lakini wengi wetu, tukifika nyumbani na kufungua kapo la motokari, tunasahau somo hilo.

Pengine umekwisha sikia mazungumzo kama haya katika garaji ya mtaani:

— Fundi, motokari yangu imelala. Nataka ilie kwa nguvu, na iruke nikikanyaga.

— Hakuna neno, mukubwa. Tutoe hili sanduku la filtri, tuweke filtri ya wazi. Au tulitoboe matundu. Utasikia mwenyewe!

Na kweli, mwenye motokari anasikia. Injini inanguruma, naye anarudi nyumbani akifurahi. Je, amepata nini? Na amepoteza nini? Tuangalie vizuri.

INJINI INAPUMUA NAMNA GANI?

Injini, yaani motere, haili esansi peke yake. Inakula hewa nyingi sana. Mtu akiwa amekaa anavuta hewa lita 6 hadi 8 hivi kwa dakika. Injini ndogo ya lita 1.5, ikizunguka mara 3000 kwa dakika na kanyagio likiwa chini kabisa, inaweza kuvuta karibu lita 2000 kwa dakika hiyo hiyo. Ni kama watu zaidi ya mia mbili wanaopumua kwa pua moja.

Hewa hiyo yote inapita kwanza katika sanduku la filtri. Mle ndani filtri ya karatasi inakamata vumbi. Basi sanduku ni pua ya motokari, na filtri ni maski yake.

SAUTI INATOKA WAPI?

Hewa haiingii katika injini kwa utulivu kama maji ya mto. Inaingia kwa mapigo. Kila valvu inapofunguka hewa inakimbia. Inapofungwa hewa inasimama ghafula. Mapigo hayo ndiyo sauti. Watengenezaji wa motokari wameweka sanduku, na mara nyingi vyumba vidogo pembeni ya bomba, ili kutuliza mapigo hayo. Ukitoa sanduku, au ukilitoboa, sauti inatoka nje. Injini haikupata nguvu mpya. Umeondoa kifuniko cha sufuria tu, sasa unasikia maji yanavyochemka.

JE, NGUVU HAIONGEZEKI?

Katika motokari za mashindano, ambapo injini nzima imetengenezwa upya, njia pana ya hewa ina faida. Katika motokari ya kawaida faida ni ndogo sana, nayo inaonekana tu injini inapozunguka kwa kasi kubwa. Filtri safi ya kiwanda inapitisha hewa ya kutosha. Mara nyingi ni sikio linaloudanganya mguu: kelele imezidi, basi tunadhani mwendo umezidi.

Tena, filtri ya wazi iliyowekwa karibu na injini inavuta hewa ya moto iliyo chini ya kapo. Hewa ya moto ni nyepesi. Ikiwa nje ni digrii 30, na chini ya kapo ni digrii 60, hewa inayoingia inapungua uzito karibu sehemu moja ya kumi. Umelipa fundi ili akupunguzie nguvu!

Jueni pia kwamba Lubumbashi iko juu, karibu metre 1200 kutoka usawa wa bahari. Hapa hewa ni nyepesi kuliko ile ya Matadi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Ndiyo sababu moja motokari isiyo na turbo inaonekana mzito kidogo kwetu. Hakuna bomba wala tundu litakaloishusha Lubumbashi hadi pwani.

VUMBI LA KWETU

Hapa ndipo penye hasara yenyewe. Tangu mwezi wa 5 hadi mwezi wa 9 karibu hakuna mvua. Barabara za udongo katika Katuba, Ruashi au Annexe zinageuka unga mwekundu. Kila kamyo likipita, wingu linabaki nyuma yake.

Ndani ya vumbi la barabara mna chembe za kwasi, lile jiwe gumu linaloleta silikosi katika mapafu ya wachimbaji. Kwasi ni ngumu kuliko chuma cha silinda, na ni ngumu sana kuliko alumini ya pistoni. Chembe zinazoharibu injini ni ndogo mno. Nyingi ni nyembamba kuliko unywele mara nne au zaidi. Huzioni. Zinaingia kati ya pistoni na silinda, zinachanganyika na mafuta, na mafuta yanageuka dawa ya kusugulia chuma.

Injini haifi siku hiyo. Ndiyo maana watu hawaamini. Kwanza inaanza kula mafuta. Kisha moshi wa buluu unatoka nyuma. Kisha asubuhi za baridi za mwezi wa 6 na wa 7 inakataa kuwaka. Mwisho fundi anasema: ifunguliwe yote. Na fedha ya kuifungua inatoka wapi? Inatoka katika chakula, katika minervali ya watoto. Tena motokari hiyo ndiyo uliyoitegemea kumpeleka mgonjwa hospitali usiku.

Waendeshaji wa makamyo makubwa ya mgodini wanajua. Mashine hizo zina filtri mbili, moja ndani ya nyingine, na kipimo kinachoonyesha kama filtri imejaa. Ile ya ndani haisafishwi: inabadilishwa. Hakuna mkubwa wa kazi atakayekubali kamyo liende bila filtri ili lilie vizuri. Kwa nini ukubali kwa mali yako mwenyewe?

HATARI NYINGINE

Moto. Katika motokari za kabireta, injini ikipiga kinyume, ndimi za moto zinarudi juu. Sanduku na filtri yake vinazizuia. Bila hivyo moto unakuta esansi na waya chini ya kapo.

Mvuke wa mafuta. Bomba dogo linatoka juu ya injini na kuingia katika njia ya hewa. Ukilitoa na kuliacha likining'inia, mafuta yanadondoka juu ya vyuma vya moto, na vumbi linapata mlango mwingine.

Maji. Mvua zikianza, barabara nyingi zinageuka mito. Kiwanda kimeweka mdomo wa hewa juu. Mafundi wengine wanaushusha chini, karibu na gurudumu, ili upate hewa baridi. Injini ikivuta maji imekwisha: maji hayabanwi, na fimbo ya pistoni inapinda.

Kelele. Mfanyakazi aliyekaa saa 8 katika kelele ya desibeli 85 amekwisha tumia sehemu yake ya siku. Masikio yake yanahitaji kupumzika njiani. Tena kelele inaficha honi ya mwenzako, na sauti ya mtoto anayepiga kelele nyuma ya motokari katika lupango.

FANYA HIVI

1. Ukiona motokari imelala, angalia kwanza filtri. Wakati wa vumbi iangalie mara nyingi kuliko kitabu cha motokari kinavyosema.

2. Usiipige filtri juu ya mupira, wala usioshe karatasi yake kwa esansi. Ikiwa kitabu kinaruhusu kuipuliza, puliza toka ndani kwenda nje, presha isizidi bar 2. Vaa miwani na maski, na watoto wakae mbali. Filtri iliyopasuka au iliyojaa sana inabadilishwa.

3. Pima kwa kitambaa cheupe. Fungua bomba lililo baada ya filtri, upanguse ndani. Kitambaa kikitoka chekundu, vumbi linapita. Tafuta bomba lililopasuka au kibano kilicholegea.

4. Angalia buji, presha ya mipira, na breki zisizoachia. Mara nyingi uzito wa motokari unatoka hapo.

5. Ukinunua motokari iliyokwisha tumiwa, fungua kapo. Ukikuta sanduku limetobolewa au limetolewa, uliza bei ya injini nyingine kabla ya kulipa.

6. Ikiwa bado unataka kubadili njia ya hewa, basi filtri iwe na sanduku lililofungwa vizuri, hewa itoke nje ya kapo na mahali pa juu, na mabomba yote madogo yarudishwe mahali pake. Motokari nyingi za sindano zina kipimo cha hewa ndani ya bomba. Filtri ya kupakwa mafuta, ikipakwa kupita kiasi, inakichafua, na motokari inaweza kula esansi zaidi.

Akina mama, ninyi pia mna kazi hapa. Baba akirudi na motokari inayonguruma, msimsifu haraka. Mwulizeni: «Filtri iko wapi?»

Kazini unavaa maski kwa ajili ya mapafu yako. Nyumbani, iachie motokari yako maski yake.