Breka Hulinda Waya, Si Mkono Wako

Mwenye nyumba akiniambia, "Nina breka mpya, sina wasiwasi," mimi huomba kwanza nioneshwe fimbo ya erthi nje ya ukuta. Breka ya ampea 32 imewekwa kwa ajili ya waya, usichemke ukaunguza dari mkondo unapozidi. Mtu aliyeshika friji inayovuja umeme haimhusu.

Tupige hesabu kwa nyumba inayotegemea fimbo yake yenyewe. Waya hai ndani ya hita ya maji umechubuka, unagusa bodi ya chuma. Umeme wa volti 230 unashuka kwa waya wa erthi hadi ardhini. Udongo ukiupinga kwa omu 20, mkondo utakaopita ni ampea 11.5 tu. Kwa breka ya 32, hiyo ni sawa na pasi na birika vinavyotumika pamoja, inatulia. Bodi inabaki na umeme mchana na usiku, ikimngoja mwenye miguu iliyolowa. Kiangazi udongo hukauka, upinzani ukapanda, na breka ikazidi kulala.

Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha IEC 60364 kinataka soketi za kawaida za nyumbani zilindwe kwa RCD, kifaa kinachokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Yenyewe hulinganisha mkondo unaokwenda kwa waya hai na unaorudi kwa nyutro, kwani nyaya zote mbili hupita ndani ya pete moja ya chuma. Tofauti ikitokea, kuna umeme uliopata njia nyingine, pengine mwilini mwa mtoto, nayo hukata papo hapo kabla moyo haujavurugika. Lakini ukishika waya hai na nyutro kwa pamoja umesimama juu ya mbao kavu, itakuhesabu kama taa.

Kinachoniuma ni mafundi wanaoiruka RCD kwa kipande cha waya, eti "inakatakata ovyo". Mara nyingi nimekuta nyutro imegusana na erthi nyuma ya soketi, au elementi ya hita imeoza. Chomoa vyombo vyote, iwashe, kisha chomeka kimoja kimoja. Kitakachoiangusha ndicho kibovu. Ikianguka bila chombo chochote, huenda kosa liko kwenye nyaya za ukutani. Mwite fundi mwenye leseni na vipimo.

Halafu kuna kile kibonyezo cha RCD chenye herufi T. Kibonyeze leo, umeme ukiwapo. Isipokata, asiogee mtu kwa hita ya maji hadi RCD ibadilishwe.