SANAMU YA ASKARI NA MAJINA YA WAZEE WETU



Nilipokuwa Korogwe ya Zamani, mzee aliyenipokea alinituma: "Ukifika Dar es Salaam, mwanangu, nisomee jina la babu yangu pale kwenye sanamu." Babu huyo alichukuliwa upagazi Juni 1916, vita vilipopita Korogwe na Handeni.

Sanamu ya Askari, katikati ya mji huo uliokuwa mji mkuu wetu, yasimama tangu 1927, singe imeelekezwa bandarini. Maandishi ni ya Kiingereza na Kiswahili, na Kiswahili chake kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Hizi nilizisoma kwa elimu ya chuoni. Wapagazi wametajwa kwa heshima. Jina la mtu, hata moja, hamna. Kariakoo nayo yachukua jina la kikosi chao, si lao.

Barua ya kumjibu yule mzee ilinilemea mkononi.

Visiwa vyetu navyo vilitoa wapagazi. Basi kila mwanachama ajuaye jina la mzee wake aliyekwenda, na alilete mkutanoni. Daftari nimekwisha lipiga mistari. Jina la kwanza ni la yule babu wa Korogwe.

Katibu wenu