Mita 100 za hatari: Jinsi ya kuvusha kayaki kwenye mawimbi ya ufuoni

ALFAJIRI ya msimu wa kusi, ukisimama kwenye mchanga wa Ghuba ya Malindi, kaskazini mwa mji, utawaona wavuvi wameketi kando ya mitumbwi yao wakiitazama bahari bila kusema neno. Mgeni apitaye huenda akadhani wanamsubiri mwenzao aliyechelewa. Sivyo. Wanahesabu mawimbi.

Kazi hiyo ya kuhesabu ndiyo ambayo wapenzi wa kayaki huiruka mara nyingi. Kayaki ya kuvulia ni chombo chembamba cha plastiki ambacho mvuvi hukalia juu yake, si ndani, akatumia kafi lenye bapa pande zote mbili. Ina vitundu vya kupitishia maji, hivyo maji yanayoingia juu hutoka yenyewe. Haihitaji injini wala petroli, na mtu mmoja aweza kuiburuta hadi majini. Kwa sababu hizo imewavutia wengi wanaotaka kumfuata nguru na kolekole bila gharama ya mashua. Katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, wavuvi wa vyombo vya namna hii huvuka mawimbi makali ya ufuoni kila msimu. Hapa kwetu kayaki zimezoeleka zaidi katika maji matulivu ya Watamu, Kilifi na Diani, na huko ndiko mtu hujifunza kupiga kafi pasipo kujifunza mawimbi.

Wengi hudhani kwamba hatari i mbali, kwenye kilindi. Ukweli ni kinyume. Mawimbi marefu ya bahari kuu huiinua kayaki na kuishusha taratibu kama mtoto katika pembea. Panapovunja vyombo na mifupa ni ule ukanda mwembamba baina ya mchanga na maji matulivu, ambao mara nyingi haufiki hata mita 100. Mvuvi huuvuka mara mbili kwa siku, na mara ya pili huwa amechoka.

Yafaa kueleza kwanza ni kwa nini ukanda huo uko Malindi ilhali haupo, kwa mfano, Diani. Sehemu kubwa ya pwani ya kusini mwa Kenya inakingwa na mwamba wa matumbawe. Mawimbi huvunjikia huko nje, na yale yanayofika mchangani ni mabaki. Lakini Mto Sabaki humwaga maji baridi na matope mengi baharini kaskazini mwa mji wa Malindi, na matumbawe hayastawi katika maji ya namna hiyo. Kwa hivyo ghuba imebaki wazi, na wimbi lililosafiri kutoka kusini mwa Bahari Hindi hufika hadi kwenye mchanga likiwa na nguvu zake. Hali kama hiyo ipo Kipini, unakomwaga maji yake Mto Tana, ambako fungu la mchanga lililo mlangoni mwa mto huyafanya mawimbi yasimame na kuanguka.

Wimbi la baharini halibebi maji mbali; ni umbo tu linalosonga. Linapofika mahali pasipo na kina, sehemu yake ya chini hupunguzwa kasi na mchanga huku kilele kikiendelea mbele, mwishowe likapinduka. Kwa kawaida hilo hutukia pale ambapo kina cha maji ni takriban mara 1.3 ya kimo cha wimbi. Wimbi la mita 1, basi, huvunjika kwenye maji ya kifuani. Kuanzia hapo si umbo tena bali ni maji yenyewe yanayokimbia kuelekea ufuoni, na mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzani wa zaidi ya kilo 1,000. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuizuia kayaki iliyosukumwa na mzigo huo.

Kanuni hiyo ndiyo inayomwezesha mvuvi kuusoma ufuo. Mahali mawimbi yanapovunjika ndipo palipo na fungu la mchanga. Mahali ambapo maji yamekolea rangi na mawimbi hayavunjiki sana pana kina kirefu zaidi, na aghalabu huko ndiko maji yaliyosukumwa ufuoni yanakorejea baharini kwa mkondo. Muogeleaji huambiwa auepuke mkondo huo kama moto. Mpiga kafi aliye hodari huutumia kama njia ya kutokea, lakini hautumii kurudia, kwa kuwa utamkaba katikati ya mawimbi. Msimu wa mvua, maji ya Malindi yanapogeuka rangi ya udongo, ishara hizi hazionekani vyema, tena magogo huletwa na mto. Karibu na mlango wa Sabaki penyewe pana viboko pia. Hiyo ni sababu tosha ya kutafuta mahali pengine pa kushulia chombo.

Maji kujaa na kupwa nako kuna sheria zake. Wakati wa bamvua, tofauti baina ya maji makuu na maji madogo katika pwani yetu hukaribia mita 3 au hata zaidi. Maji yakipwa, mawimbi huvunjika mbali na mvuvi hulazimika kupita safu nyingi. Maji yakijaa kabisa, mawimbi huweza kuanguka kwa kishindo kwenye mteremko wa juu wa ufuo, hatua chache tu kutoka nchi kavu. Saa zilizo katikati, maji yakiwa yanajaa, ndizo bora katika fuo nyingi. Anayetoka ampangie saa yake ya kurudi, si ya kuondoka peke yake.

Sasa turudi kwa wale walioketi mchangani. Mawimbi huja kwa makundi: machache makubwa yanayofuatana, kisha kipindi cha utulivu, kisha makubwa tena. Kulitazama wimbi moja au mawili hakumfunzi mtu lolote. Sharti asubiri dakika 10 hadi 15, aone makundi yasiyopungua mawili, ajue ni mangapi huja pamoja na utulivu hudumu kwa muda gani. Iwapo utulivu huo hautoshi kumfikisha nje, jibu limepatikana, naye arudi nyumbani akanywe chai. Aidha, afikirie kurudi kwake. Upepo wa kusi huwa na tabia ya kuongezeka mchana, na ufuo uliokuwa mpole saa kumi na mbili asubuhi waweza kuwa mkali saa saba.

Kabla ya kuigusa bahari, kila kitu kifungwe au kitiwe ndani ya kayaki na vifuniko vikazwe. Fimbo za kuvulia zisisimamishwe hata kidogo; zilazwe, ndoana zikiwa zimetolewa. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuidharau nasaha hiyo, akarejea na nusu ya fimbo na ndoana imenasa kwenye mkono wa shati. Ilikuwa bahati kwamba haikunasa kwenye ngozi. Kamba ya nanga isiachwe ikielea, kwani kamba na mtu aliyepinduka ni maadui. Kisu kifupi kiwe mahali mkono unapofika. Jaketi la kuokolea livaliwe na kukazwa, si kuwekwa chini ya kiti. Kofia ngumu ya michezo ya majini inafaa pia, ingawa wengi huionea haya.

Wakati wa kushua, kayaki ielekezwe gubeti yake baharini, nayo isimame wima dhidi ya mawimbi. Mvuvi asimame ubavuni. Hapa pana sheria moja ambayo haina msamaha: usisimame kamwe baina ya chombo na nchi kavu. Wimbi dogo la kimo cha magoti linatosha kuibamiza kayaki kwenye miguu na kumvunja mtu goti, na ajali hiyo hutokea katika maji ambayo mtoto angechezea.

Wimbi la mwisho la kundi likishapita, chombo kisukumwe hadi kwenye maji ya magotini, mvuvi aketi mara moja na kupiga kafi. Miguu itaingia mahali pake baadaye. Kusita ndiko kunakopindua watu wengi. Mwendo ndio usukani, na kayaki iliyosimama hugeuzwa ubavu na povu la kwanza. Akikutana na wimbi lililokwisha kuvunjika, ainamie mbele, alichome kafi ndani ya maji upande wa pili wa povu na kujivuta. Asilishike kafi kwa kulikingamisha mbele ya uso, kwa maana wimbi litalirudisha menoni mwake. Akiona mbele yake wimbi linaloinuka bila kuvunjika, ana nukta moja ya kuamua: aongeze nguvu alipande kabla halijaanguka, au arudi nyuma alisubiri livunjikie mbele yake. Asilolifanya ni kukaa pale pale akiwaza. Na akishavuka asisimame kufurahi. Aendelee mpaka awe nje ya mahali lilipovunjikia wimbi kubwa kuliko yote aliyoyaona alipokuwa ameketi mchangani.

Kurudi ni kugumu kuliko kutoka, na sababu yake ni rahisi. Anayetoka huyatazama mawimbi usoni. Anayerudi huyaona migongo tu, na mgongo wa wimbi ni laini, haudhihirishi kimo chake wala ghadhabu yake. Ufuo unaoonekana shwari kutoka baharini waweza kuwa na mawimbi ya kumfunika mtu. Ndiyo maana mvuvi mwenye busara husimama nje, akafunga tena fimbo zake, akawatia samaki ndani, akahesabu upya kana kwamba hajawahi kuuona ufuo ule. Uchovu, njaa na hamu ya kuonyesha nguru ndivyo vinavyomharakisha mtu wakati huo.

Kundi kubwa likishapita, afuate mgongo wa wimbi la mwisho, akipiga kafi kwa nguvu kiasi cha kubaki nyuma yake bila kulipita. Wimbi la nyuma likimkaribia, apunguze mwendo au arudi nyuma kidogo limpite chini. Analolikwepa ni kubebwa. Wimbi likiinyanyua tezi, gubeti huzama mbele, na chombo hujipiga kichwa au hugeuka ubavu. Kuna wanaopendelea kuigeuza kayaki, gubeti ikaelekea baharini, wakarudi kinyumenyume hatua kwa hatua huku wakiyakabili mawimbi makubwa usoni. Ni njia ya polepole na haina mbwembwe, ila kwa anayeanza ndiyo yenye usalama zaidi.

Ikitokea kwamba kayaki imegeuka ubavu, silika humwambia mtu alalie upande wa ufuoni, mbali na wimbi. Silika hiyo humdanganya. Akiinamia huko, ubavu wa chombo hunasa maji na kumpindua papo hapo. Sharti alilalie wimbi lenyewe, akaweka bapa la kafi juu ya povu na kuliegemea, naye atasukumwa upandeupande hadi kwenye maji haba. Wavuvi wa ngalawa hujua jambo linalofanana na hilo: mrengu ukichimba mchanga wakati wimbi linasukuma, chombo chote huzunguka juu yake.

Anapofika kwenye maji ya magotini ashuke upande wa baharini, kayaki ikiwa mbele yake kuelekea nchi kavu, kisha aiburute haraka kabla ya wimbi lifuatalo. Wengi hupumzika hapo, wakidhani safari imekwisha, na wimbi la mwisho huwachukulia chombo.

Aliyepinduka naye asihangaike kukipanda chombo katikati ya mapovu. Akae upande wa baharini, akishika mpini wa tezi ikiwa anaweza. Uzito wa mwili wake utaisaidia kayaki kwenda moja kwa moja huku mawimbi yakiwapeleka wote ufuoni. Asijifunge kamba mkononi wala kiunoni. Chombo kikimponyoka akiache kiende, mawimbi yatakifikisha mchangani. Kichwa akikinge kwa mikono kila anapoibuka, maana hajui kayaki iko wapi.

Kusini zaidi, kwenye mwamba, mambo hubadilika. Huko mvuvi hutafuta mlango, yaani ule mwanya ambao maji hupita. Hatari kubwa ni wakati maji yanapupwa na kutoka kwa kasi kupitia mlango au mdomo wa hori kama ule wa Kilifi, yakikutana na mawimbi yanayosukumwa na kusi. Mawimbi hayo hufupika, husimama wima na kuvunjika mahali ambapo saa tatu kabla palikuwa pa kupitika. Kuanguka juu ya matumbawe si sawa na kuanguka mchangani, na viatu vya kitambaa havisaidii sana.

Utabiri wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa Kenya usipuuzwe. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea Tanzania, idara hiyo iliwaonya wakazi wa pwani yetu kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa, ingawa kitovu cha dhoruba kilikuwa mbali kusini. Wimbi halihitaji upepo wa hapa ili lifike hapa.

Lakini je, iwapo mtu yuko nje na ufuo umefungika? Swali hilo lijibiwe kabla ya kuondoka. Anayetoka Ghuba ya Malindi anaweza kuifuata pwani kuelekea kusini, akapita rasi iliyo na mnara wa Vasco da Gama na kuingia nyuma ya mwamba, ambako maji hutulia. Eneo hilo lina hifadhi ya baharini iliyotengwa mwaka wa 1968, na kuvua ndani yake ni marufuku, kwa hivyo mishipi iwe imeshakunjwa. Simu iwe ndani ya mfuko usioingia maji, umefungwa kwenye jaketi wala si kwenye kayaki, na aliye nchi kavu awe ameambiwa saa ya kurudi pamoja na ufuo wa pili.